Kikombe cha Chumba cha Mwisho

Mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwaachia, ninyi wauguzi wadogo mnaobaki hapa zahanati. Mmoja wenu alisema, "Sista, andika historia ya kazi yako." Historia ya kazi yangu ingejaa uhamisho, semina na barua zinazoanza na "Tafadhali rejea," na nina hakika hakuna ambaye angefika ukurasa wa pili. Kwa hiyo nitawaandikia habari za kikombe. Kile cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichobanduka rangi huku chini, kinachotundikwa msumarini katika chumba cha mwisho. Kila akija muuguzi mpya, wiki ya kwanza hutaka kukitupa. Nimewazuia bila kuwapa sababu, maana nilikuwa na kazi nyingi na subira haba. Sasa nimestaafu, muda ninao.

Nilikuja hapa kutoka Tlawi, kule Mbulu, nikiwa na cheti kipya na viatu vyeupe ambavyo havikumaliza siku moja vikiwa vyeupe. Nyumbani Tlawi shamba ni kitu unachoweza kukizunguka chai yako ikiwa bado ya moto. Huku nilikuta ngano imeanzia mlangoni mwa zahanati na kwenda mpaka macho yakachoka, na upepo usiokuwa na adabu, unaoingiza vumbi hata kwenye kabati lililofungwa. Ilikuwa enzi ya mashamba makubwa ya serikali. Kulikuwa na karakana, maghala, kambi za wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi, na sisi watu wawili wa kuwatibu: mimi na Mganga Lohay.

Mganga Lohay alikuwa mganga msaidizi, mzee wa makamo, mnene, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijaweka sanduku langu chini tela la trekta lilisimama mlangoni. Juu yake alilala kijana wa ghala, na wenzake wanne wamemzunguka. Alikuwa amekunywa gongo tangu asubuhi ya siku ya mapumziko, akazimika. Shati lake lilikuwa limelowa maziwa.

Alikuwa ameshakufa. Nilimpima mapigo mara tatu, kwa sababu sikutaka mgonjwa wangu wa kwanza awe maiti. Mganga Lohay alimfungua kinywa, akatazama, kisha akawauliza wale wenzake kwa upole nani aliyempa maziwa. Wote wanne walijibu kwa pamoja, kwa fahari kidogo, kwamba walimnywesha karibu kibuyu kizima ili kukata sumu.

Walipoondoka Mganga aliniambia, "Hakufa kwa gongo, Sista. Amekufa kwa huruma ya rafiki zake. Mtu aliyezimika hamezi. Maziwa yameingia mapafuni."

Katika nchi hii ya ng'ombe kila mtu anaamini maziwa hukata sumu, na anayepata maziwa hukimbia kumpa mlevi aliyezimika kwa moyo safi kabisa. Nimewaona wengi waliookolewa kwa kutopewa chochote. Basi kazi yangu ya kwanza hapa haikuwa sindano. Ilikuwa kwenda karakana na kambi zote pamoja na Mganga Lohay, naye akilala chali kwenye sakafu yenye mafuta, anajifanya amezimika, mafundi wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha anapaza sauti kutoka kule chini, "Haya, nilazeni ubavu! Mkono mmoja chini ya shavu! Goti likunjwe! Hesabuni ninavyopumua!" Kumgeuza mtu mwenye uzito ule kulihitaji mafundi wawili, na ndiyo maana hawakusahau. Alipozeeka nilimrithi katika kazi hiyo, lakini mimi sikulala kwenye mafuta. Nilimlaza mlinzi mkuu wa shamba, na kicheko kilikuwa kikubwa zaidi.

Nikimtaja mlinzi mkuu lazima nikiri jambo. Miaka ya mwanzo mimi nilikuwa upande wake. Gongo ilipikwa nyuma ya kambi na Mama Yasinta, mjane aliyetoka Singida kufuata vibarua vya mavuno, mwanamke mrefu mwenye maneno makali. Walinzi walikuwa wakivamia kwake, wanavunja vyungu, wanakata mirija, na wote waliokutwa wanabebwa. Mimi nilishangilia. Mama yangu mwenyewe alipika pombe ya mtama ya sherehe kule Tlawi, pombe ya heshima inayochukua siku kadhaa kuiva, na niliiona gongo kuwa uhuni mtupu.

Lakini baada ya kila uvamizi hatukuletewa mlevi hata mmoja. Walikuwa wakizimikia kwa Mama Yasinta, wanaburutwa mpaka kwenye ngano ili wasikutwe, na huko ndiko tulikowakuta wamekakamaa kwa baridi. Mganga Lohay alinichukua tukaenda kwa Mama Yasinta mchana kweupe. Nilinuna njia nzima.

Mganga alimsalimia, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, sikuja kunywa wala kukukamata. Mtu akizimika hapa kwako, mlaze ubavu, usimpe kitu, utume mtu kwangu. Sitauliza amekunywa wapi."

Mama Yasinta alinitazama mimi, si yeye. "Na huyu Sista wako mwenye uso wa kamishna?"

"Naye hatauliza," alisema Mganga.

Tangu siku hiyo tukaanza kuletewa watu wakiwa hai. Mlinzi mkuu alikuja zahanati kudai majina yao. Mganga Lohay alimwambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba daftari lake lilikuwa la wagonjwa, na kama yeye alitaka la wahalifu atafute kalamu aandike la kwake. Nilikuwa nimesimama pale na sinia la sindano. Nilijionea haya kwa ule uso wa kamishna, na nikampenda mzee yule kama baba.

Sasa nifike kwa Akonaay. Wengi wenu mnamjua akiwa babu anayeleta mboga hapa. Wakati ule alikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, mtu wa Masieda, na waliokuwapo watawaambia hapakuwa na dereva kama yeye. Alikuwa akisikiliza mashine yake ikinguruma, anajua mkanda gani utakatika kesho. Lakini alikuwa akiamka na gongo na kulala nayo. Mkewe, Paskalina, alimleta asubuhi moja baada ya msimu wa kupanda. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni na ameshafunga mizigo yake, ikimsubiri nyumbani.

"Sista, msimamizi amesema huyu akionekana amelewa mara moja zaidi hapandi tena kombaini," alisema. "Na mimi nimesema yangu. Nitarudi Masieda na watoto. Simtishi. Nimechoka kumpapasa kila asubuhi kuona kama bado anapumua."

Akonaay alikuwa ameinamisha kichwa. "Nataka kuacha, Sista. Nimejaribu peke yangu. Mkono haunitii."

Hapa ndipo kikombe kinapoingia. Mganga Lohay alikuwa na vifaa vichache: kifaa cha kupimia presha kilichovuja, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano za kioo, na kile kikombe. Mlevi akija asubuhi alijaziwa kikombe hicho maji mpaka ukingoni, akaambiwa akiinue mpaka mdomoni. Maji yaliyomwagika yalimwambia Mganga kila alichotaka kujua: huyu atulie nyumbani, huyu alale hapa, huyu asiachwe peke yake hata dakika. Hakikuwa kipimo cha vitabuni, lakini sikukiona kikidanganya.

Siku ile Mganga alikuwa amekwenda Katesh kuchukua dawa, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilimjazia Akonaay kikombe kama nilivyoona ikifanywa. Kilipofika mdomoni hakikuwa na kitu, maji yote yalikuwa kifuani kwake. Nikaona, nikaandika kwenye kadi, na sikuelewa nilichokiona. Nilimwambia Paskalina kwa ukali wa mtu asiyejua, "Kuanzia sasa hivi asionje hata tone moja. Mfungieni ndani mpaka imtoke."

Kaka zake Akonaay walikuja kutoka Masieda wakamfungia kwenye chumba chenye kitasa kwa nje. Siku ya kwanza alitukana. Siku ya pili alitoka jasho, akaona panya wakishuka ukutani, akawaita kwa majina. Asubuhi ya tatu alianguka kifafa, akang'ata ulimi, akatulia, akaanguka tena. Paskalina alikuja mbio miguu mitupu. Nilipofika nilikuta kaka zake wanabishana kuhusu mbuzi wa kuchinja, kwa sababu mtu mzima asiyekuwa na kifafa hapati kifafa bila kulaaniwa, na mmoja alikuwa amekwisha kushika kibuyu cha maziwa. Hicho nilikinyang'anya.

Nilimlaza ubavu nikamhesabia pumzi, kisha sikujua la kufanya tena. Nawaambia ukweli, nilipiga magoti pale nikaogopa. Gari la Mganga lilirudi kutoka Katesh kabla ya adhuhuri, naye akaletwa moja kwa moja pale nyumbani kwa Akonaay, boksi la dawa mapajani. Alimchoma sindano ya kutuliza taratibu kwenye mshipa, huku akitazama kifua, kisha dripu ya sukari na vitamini. Akonaay alilegea, akapumua vizuri.

Mganga alinawa mikono, akaniambia mbele ya wote, "Waeleze."

"Niwaeleze nini, Mganga?"

"Nani aliyemlaani."

Kaka zake wote walinigeukia. Niliwaambia kwamba mwili uliozoea gongo miaka mingi ukikatiwa ghafla hushtuka, na mshtuko huo unaweza kuua kuliko gongo yenyewe. Hakuna laana. Aliyetakiwa kujua ni mimi, na nilifanya kosa. Mkubwa wao alinitazama sana, kisha akasema, "Basi mbuzi arudi zizini." Siku ile ndiyo naihesabu kuwa siku niliyoanza uuguzi, cheti kilikuwa karatasi tu.

Tulimhamishia chumba cha mwisho, ambacho kilikuwa stoo ya magongo na ndoo. Mganga alimpa dawa ya kutuliza kwa kipimo kinachopungua kila siku, uji, supu, vitamini, na mtu wa kukaa naye muda wote. Kila asubuhi tulijaza kikombe. Siku ya kwanza maji kifuani. Siku ya tatu nusu. Siku ya sita alikinywa chote, matone mawili yakaanguka sakafuni, na Paskalina akayafuta kwa kanga yake. Alipofika nyumbani alifungua ile mizigo.

Laiti ingeishia hapo ningeonekana hodari sana. Wiki ya tatu Akonaay alirudi amelewa. Alikuwa amekwenda Nangwa kumsalimia mjomba wake, akapewa kibuyu cha pombe ya mtama. Ninyi mliozaliwa huku mnajua: kibuyu cha mjomba hakirudishwi. Ukikikataa umesema una ugomvi naye, au unaogopa amekuwekea kitu. Akanywa kwa adabu. Kutoka kwa mjomba akapitia kwa Mama Yasinta, na huko hakukuwa na adabu.

Paskalina alikaa kwenye benchi la zahanati akalia kwa hasira. Nilijaribu kumwambia mumewe ajifunze kukataa. Akanikatiza. "Sista, wewe ni wa Tlawi. Umewahi kumwona mtu wetu akikataa kibuyu?" Sikuwahi. Kisha akafuta machozi, akasema, "Mtu mmoja tu hapewi kibuyu. Aliye kwenye metimani."

Kwa asiyejua: metimani ni desturi yetu ya kale sisi Wairaqw, ambao wengine hutuita Wambulu. Nyumba iliyopatwa na msiba wa namna fulani hujitenga kwa muda. Mtu wake haingii kwa wengine, hachangii chombo wala kigoda, na wengine hawamkaribishi, mpaka muda uishe na atakaswe. Wakati ule wengi wetu tulikuwa Wakristo na desturi ilikuwa imefifia, lakini haikuwa imekufa. Tulipokuwa watoto tuliiogopa. Kilichokuwa adhabu machoni pangu, mwanamke yule alikiona ni ukuta wa kumkinga mumewe.

Tulipomwomba mzee wa ukoo amtangaze Akonaay kuwa yuko metimani, alikataa katakata. Tulimfuata zizini akikamua, naye hakuacha kukamua. Alisema metimani si kizuizi cha walevi, haichezewi, na wauguzi wachunge sindano zao. Mimi nilitaka kuondoka. Paskalina alichukua kile kikombe cha Mganga, ambacho sikujua kwamba alikibeba, akachota maji pipani mpaka ukingoni, akampa mumewe pale mbele ya mzee. Ilikuwa asubuhi. Mzee aliacha kukamua. Alitazama maji yakimwagika kifuani mwa mtoto wa ndugu yake mpaka yakaisha.

"Tangu lini yuko hivi?" aliuliza.

"Miaka minne, baba."

"Basi amekuwamo metimani miaka minne, na hatukumwambia," mzee alisema. "Nitawaambia watu."

Safari hii hatukukosea. Akonaay alianza tena chumba cha mwisho na dawa ya kupunguza, kisha akajitenga nyumbani kwake na kigoda chake, na kikombe kile kile kikawa chake peke yake. Habari zilifika mpaka Nangwa. Hakuna mjomba aliyemwonyesha kibuyu. Hata Mama Yasinta, ambaye si wa desturi yetu, alimfungia mlango, akanitumia salamu: "Mwambie Kamishna nimemfukuza mteja wangu mzuri." Katekista wetu alininunia miezi miwili kwa kufufua mila ya kale. Nilimwambia aje na mpango mzuri zaidi.

Nilichokiogopa ni upweke. Mtu aliyeacha pombe akikaa peke yake huanza kuzungumza nayo. Na watu wetu, kwa desturi ile ile, hawangeweza kukaa naye. Hapo akaja Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig wa tambarare hii, ambaye mashamba ya ngano yalikuwa yamezifunga njia za ng'ombe wake. Yeye na madereva wa kombaini hawakuwa na cha kucheka pamoja. Siku moja nilimkuta amekaa kando ya Akonaay, mkuki umeegemezwa ukutani, maziwa katikati yao.

Nilimuuliza kama anajua kwamba mwenyeji wake yuko metimani.

"Mimi siyo Mmbulu," alisema Gidamis. "Hiyo kitu yenu haifungi mimi. Huyu mwaka juzi alisimamisha ile mashine yake kubwa, ndama yangu ikapita. Sasa mimi namsimamia yeye."

Alikuja karibu kila siku, tangu ngano ilipokuwa ya kijani mpaka ilipopauka. Walizungumza habari za ng'ombe na za mikanda ya mashine, na sidhani mmoja alimwelewa mwenzake sana. Mavuno yalipofika mzee wa ukoo alimnyoa Akonaay, akamwosha, akamrudisha kwa watu. Asubuhi iliyofuata alipanda kombaini. Nilitoka nje na Mganga Lohay kumtazama akikata mstari wa kwanza, umenyooka kabisa, na Mganga akajifanya vumbi limemwingia machoni. Vumbi lilikuwepo, lakini si kwa kiasi kile.

Kikombe alikirudisha mwenyewe, Mganga akapiga msumari katika chumba cha mwisho akakitundika. Wengine walikuja kukiomba. Wa Mbulu walijitenga nacho kwa namna yao, wa mikoa mingine walibaki nacho tu kama ishara kwamba mwenye kikombe hiki hakaribishwi pombe, na kambi nzima iliheshimu. Mama Yasinta ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote: aliyeonekana na kikombe hakukanyaga kwake. Si wote walioshinda. Akonaay mwenyewe aliteleza mara moja, mwaka aliofiwa na mama yake, na asubuhi yake alikuja kwa miguu yake kugonga mlango wetu. Safari moja kikombe kilirudishwa na mjane wa mmoja wao, amekiosha vizuri na kukifunga kwa kitambaa. Nilikitundika nikaenda nyuma ya stoo nikalia, na hata leo sijui tulikosea wapi. Mtakutana na wa namna hiyo. Andikeni kwenye kadi kila mlichofanya, kisha lieni, kisha mrudi kazini.

Wiki iliyopita mliniaga. Hotuba zilikuwa ndefu, na aliyesema sijawahi kuchelewa kazini hakuwahi kufika kabla yangu. Mlipokuwa mnakata keki, Akonaay aliinuka bila kuitwa, akaingia ndani. Alipokawia nilidhani ameugua. Akatokea kwenye mlango wa chumba cha mwisho akiwa ameshika kile kikombe kwa mkono mmoja, kimejaa chai mpaka ukingoni, chai imevimba juu ya bati. Alipita uani, akapita katikati ya viti, akapanda ngazi mbili, mzee mwenye mvi na goti bovu. Paskalina alikuwa amesimama, kanga mdomoni. Watu waliojua walisogeza viti kumpisha, na ninyi msiojua mkasogeza kwa kuwaona wao.

Alisimama mbele yangu. Hakuna hata tone lililokuwa limeanguka.

"Sista," alisema, "nipime."

Nilipokea kikombe kwa mikono miwili. Chai ikamwagika kifuani kwangu, kwenye gauni jipya, chini kwenye viatu, na nilipotaka kukishika vizuri ikamwagika iliyobaki. Akonaay aliangalia ndani ya kikombe kitupu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu, kama Mganga Lohay alivyokuwa akifanya.

"Huyu," akawaambia, "leo alale chumba cha mwisho. Na asiachwe peke yake."